Imla ya Diski

Tuchukue chumba cha kompyuta katika shule ya sekondari hapa Tanga. Madirisha yanaelekea baharini, na mezani kuna kompyuta 20 za aina moja zilizofika kwa mkupuo. Mwalimu ameshinda siku nzima akiiandaa moja tu: ameweka programu endeshi, programu za kuandikia na za hesabu, kamusi, na masomo ya fizikia. Zimebaki 19. Akirudia kazi hiyo mashine moja baada ya nyingine, mwezi utamwishia humo. Akiziachia zijipakulie zenyewe kutoka intaneti, bando la shule litakatika mapema. Njia ya tatu ni kuinakili diski ya mashine ile iliyokamilika na kuipeleka kwa zote kupitia nyaya za humo humo chumbani. Njia hiyo haili bando hata baiti moja, kwa sababu data haitoki nje ya kuta nne.

Kwanza tujue kinachonakiliwa. Tumezoea kuiona diski kama kabati lenye mafaili, lakini hiyo ni sura tunayoonyeshwa na programu endeshi. Chini yake, diski ni mstari mrefu mno wa visanduku vyenye namba, kuanzia sifuri. Kwa kawaida kisanduku kimoja huhesabiwa kuwa na baiti 512, hivyo diski ya gigabaiti 500 ina visanduku karibu milioni 977. Barua moja ya mwalimu mkuu inaweza kukaa nusu yake mwanzoni mwa mstari na nusu nyingine katikati kabisa. Daftari la kujua kipi kiko wapi limeandikwa kwenye visanduku vingine vya diski hiyo hiyo. Visanduku vya mwanzo kabisa hubeba ramani ya jinsi diski ilivyogawanywa, na katika mashine nyingi za zamani hubeba pia maelekezo ya kwanza ya kuiwasha.

Ndiyo maana kuhamisha mafaili kwa flashi hakutoshi. Utakuwa umehamisha barua, ukaacha ramani na maelekezo ya kuwashia. Mashine mpya itapata umeme, itatafuta pa kuanzia, isipaone.

Kwa hiyo tunanakili visanduku vyenyewe: cha 0 kwa cha 0, cha 1 kwa cha 1, hadi mwisho. Anayenakili hana haja ya kuelewa kilichoandikwa. Mtoto wa chuo cha Kurani pale Ngamiani huandika herufi kwenye ubao wake kwa usahihi miaka mingi kabla ya kujua maana yake, na ubao wake husomeka. Hata hivyo, ujinga huo una gharama. Anayenakili asiyeelewa chochote atabeba pia visanduku mamilioni visivyo na kitu. Programu kama Clonezilla, iliyotengenezwa na wataalamu wa Taiwan na kutolewa bure, kwanza husoma lile daftari la diski, ikajua visanduku vipi vina maandishi, kisha ikavichukua hivyo tu. Diski ya gigabaiti 500 iliyojaa gigabaiti 40 husafirisha 40.

Diski inayonakiliwa lazima iwe imetulia. Programu endeshi ikiwa kazini huandika na kufuta kila sekunde. Ukinakili wakati huo, mwanzo wa nakala utakuwa wa saa nne na mwisho wake wa saa tano, na daftari halitalingana na yaliyomo. Basi mashine huwashwa kwa programu ndogo iliyo nje ya diski, ama kwenye flashi, ama kupitia mtandao wenyewe. Utaratibu wa kuwasha kwa mtandao uliwekewa kanuni na kampuni ya Intel miaka ya 1990: kadi ya mtandao huamka, huuliza ni nani wa kuipa anwani, kisha hupakua programu hiyo na kuiweka kwenye kumbukumbu. Diski haijaguswa bado.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiyo kiini cha jambo lote. Shule nyingi bado zina swichi za megabiti 100 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo hizo ni megabaiti 12.5 kwa sekunde, na hapo mambo yakienda vizuri. Gigabaiti 40 ni megabaiti 40,000. Gawanya: sekunde 3,200, yaani dakika 53 kwa mashine moja. Kwa mashine 19, zikihudumiwa kwa zamu, ni karibu saa 17. Mtu atasema, "Basi tuzihudumie zote kwa pamoja." Haisaidii. Waya unaotoka kwenye mashine inayotoa ni mmoja, na uwezo wake ni ule ule. Ukigawanywa kwa 19, kila mashine inapata tone. Saa 17 zinabaki saa 17, na katika saa 17 umeme unaweza kukatika mara ngapi?

Hebu turudi darasa la tatu, kwenye somo la imla. Mwalimu hakupita dawati hadi dawati akimsomea kila mtoto sentensi peke yake. Alisimama mbele, akasoma mara moja, na watoto arobaini wakaandika kwa pamoja. Sauti yake haikupungua kwa sababu ya wingi wa wasikilizaji. Aliyekosa neno alinyoosha mkono, mwalimu akarudia neno hilo, kisha darasa likaendelea.

Mtandao nao unaweza kusoma imla. Mwaka 1989 Steve Deering, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika kanuni za kutuma ujumbe mmoja kwa kundi. Anwani zinazoanza na namba 224 hadi 239 zilitengwa kwa kazi hiyo: si anwani ya mashine yoyote, ni anwani ya kundi. Mashine inayotoa hutuma kila kipande mara moja tu. Kinapofika kwenye swichi, swichi ndiyo inayokirudufu na kukimwaga kwenye kila waya wenye msikilizaji. Ule waya mmoja wa mtoaji umebeba gigabaiti 40, si 760. Dakika 53, na mashine zote 19 zimemaliza pamoja. Ukiongeza nyingine 10, muda hauongezeki kwa kiasi cha kuhesabika.

Lakini imla huenda kwa kasi ya mwandishi mzito kuliko wote. Kila mashine hujibu kwamba imepata kipande au imekikosa, na mtoaji hasongi mbele hadi wote wawe wameandika. Sisi wa pwani tuna adui wa karibu hapa: hewa ya chumvi hula vichwa vya nyaya. Waya mmoja wenye kutu unaopoteza vipande huchelewesha chumba kizima. Kabla ya kuanza, angalia taa za swichi, na waya unaosuasua uubadilishe au mashine yake uiache kwa zamu ya pili. Ondoa pia waya unaokwenda ofisini, kwa sababu swichi nyingi za bei nafuu hazijui nani yumo kundini na zitaumwaga mzigo wote hadi kwa mhasibu.

Liko jambo la mwisho: nakala hurithi hata kasoro, na mkoa wetu wa mkonge unalijua hilo vizuri kuliko mingi. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida; ni 62 tu iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mkonge huzalishwa kwa maotea na vichipukizi vya mlingoti, si kwa mbegu, kwa hiyo mtoto ni nakala ya mzazi. Kilicho chema kwa mmoja ni chema kwa shamba zima, na vivyo hivyo kilicho kibovu. Mseto wa mkonge uitwao 11648, uliotokana na utafiti wa kituo cha Mlingano huko Muheza, ulienezwa kwa njia hiyo, na udhaifu wake mbele ya ugonjwa wa madoa ya Korogwe ukaenea nao.

Diski ni hivyo hivyo. Kirusi kimoja kwenye mashine ya kwanza ni virusi 20 jioni. Nakala hubeba hata jina la mashine na, kama ilipangwa kwa mkono, anwani yake ya mtandao. Mashine mbili zenye anwani moja zitagombana na hakuna itakayosikilizana na mwenzake. Kwa hiyo safisha mashine ya kwanza kabla ya kunakili, na baada ya kunakili ipe kila moja jina lake.

Na wewe mwalimu utakayeshika kazi hii: kabla ya kubonyeza ndiyo, soma kwa sauti jina na ukubwa wa diski inayotoa, kisha wa ile inayopokea. Kila kilichokuwamo kwenye inayopokea kitafutika.