Debe Moja au Mawili? Masikio ya Ndege Shambani

Ndugu mkulima wa Garsen, mpunga ukianza kutia maziwa, kwelea nao hufika. Mmoja hula karibu gramu 10 za nafaka kwa siku. Basi kundi la ndege 10,000 laweza kumaliza kilo 100 kati ya alfajiri na magharibi. Ndiyo maana watoto hupanda dungu kupiga debe, na shule ikawakosa.

Je, ndege hulisikiaje debe hilo? Wataalamu humfundisha ndege kudonoa kitufe kila sauti inapobadilika nguvu. Akipatia, hupewa punje. Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Mtu hutambua badiliko la desibeli 1 hivi. Kasuku wadogo wa Australia, waliopimwa sana, huhitaji 2 au 3, pengine zaidi. Sikio la ndege, basi, ni zito kidogo kuliko letu.

Sasa tufanye hesabu. (Mimi nilisomea ualimu, chaki hainitoki mkononi.) Madebe mawili yakipigwa kwa nguvu sawa juu ya dungu moja huongeza desibeli 3 tu. Tofauti hiyo ndege huitambua kwa shida, na mkono wa pili umechoka bure. Lakini mahali pa wazi, umbali ukizidi mara mbili, sauti hupungua desibeli 6 hivi. Hiyo haimpiti ndege: debe la hatua 50 na la hatua 100 kwake si moja. Mpigaji akikaa palepale kutwa, ndege husikia nguvu ileile, haoni hatari ikimkaribia. Mwisho huzoea, akahamia pembe ya mbali akala.

Kwa hiyo debe la pili lipelekwe pembe nyingine. Mpigaji ashuke, alifuate kundi huku akipiga, anyamaze, kisha aanze tena upande mwingine. Kimya nacho ni sehemu ya kazi. Kwelea hula zaidi asubuhi na jioni, na jua likiwa kali hupumzika mitini. Wakubwa wakishika zamu hizo mbili, mtoto aweza kwenda shule.

Tena, ukiuziwa mashine ya kufukuza ndege kwa sauti isiyosikika na mtu, usitoe pesa. Kijana husikia mitetemo hadi 20,000 kwa sekunde. Ndege wengi, ikipita 10,000 hivi, hawasikii kitu.