Jinsi ya Kusoma Picha za Alkemia Bila Kupotezwa

Fungua kitabu cha kale cha alkemia, ile kazi ya kutafuta kugeuza madini duni kuwa dhahabu, na utakutana na vioja: simba wa kijani anameza jua, mfalme na malkia wamelala kaburi moja, nyoka anauma mkia wake mwenyewe, mtu ana vichwa viwili, kimoja cha kiume na kingine cha kike. Wapo wanaokifunga papo hapo wakisema huu ni uchawi. Wapo pia wanaokimbilia maana za kiroho: simba ni hasira, jua ni nafsi, tumemaliza. Wote wameruka hatua. Picha hizi ni za watu wa moshi na majivu, waliokesha mbele ya tanuru, na maana yake ya kiroho ilichipua kutoka katika kazi ya mikono. Kwa hiyo tafuta kwanza kinachotendeka motoni, kisha ndipo uulize kinasema nini juu ya binadamu.

Tuchukue picha moja tuifanyie kazi. Ni ufunguo wa kwanza wa kitabu kiitwacho Funguo Kumi na Mbili, kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1599 kwa jina la Basilius Valentinus, anayesemekana alikuwa mtawa wa Kibenedikto. Mtawa huyo pengine hakuwahi kuwapo. Watafiti wengi wanamshuku mchapishaji wa kitabu, Johann Thölde, aliyekuwa na biashara ya chumvi, kuwa ndiye aliyekiandika. Mchoro unaofahamika zaidi umo katika toleo alilolitoa Michael Maier huko Frankfurt mwaka 1618.

Kwanza, eleza unachokiona kabla ya kukifasiri. Shika kalamu na uandike kama askari anayechukua maelezo kituoni, bila kutia neno lako. Mfalme na malkia wamesimama katikati. Upande mmoja mbwamwitu anaruka juu ya chungu cha kuyeyushia madini, na chungu kiko motoni. Upande wa pili yuko mzee mwenye mguu wa mti na fyekeo mkononi, naye ana moto wake. Malkia ameshika maua. Hatua hii inachosha na wasomaji wengi huidharau, lakini ndiyo inayokuzuia kuona simba mahali palipochorwa mbwamwitu.

Sasa watambue wahusika. Mabingwa wa kale wa alkemia, kuanzia Misri ya Wagiriki, kupitia Baghdad, hadi Ulaya, waliunganisha madini saba na mianga saba ya mbinguni. Jua ni dhahabu, na katika michoro mara nyingi huvaa taji la mfalme. Mwezi ni fedha, naye ni malkia. Zuhura ni shaba, Mirihi ni chuma, Mshtarii ni bati, Utaridi ni zebaki. Zohali, sayari ya polepole na ya huzuni, ni risasi, na huchorwa kama mzee kiwete mwenye fyekeo. Ukiyakariri haya saba, picha nyingi zitaanza kuzungumza. Basi mfalme wetu ni dhahabu, malkia ni fedha, mzee ni risasi. Amebaki mbwamwitu.

Maandishi yanayofuatana na picha yanasema kwa mafumbo kwamba mwili wa mfalme atupiwe mbwamwitu wa kijivu mwenye njaa. Akishamla, mbwamwitu achomwe katika moto mkali mpaka aishe, na mfalme atatoka mzima. Jambo hilo lirudiwe mara tatu. Mnyama huyo ni jiwe la antimoni, lile la kijivu linalong'aa ambalo zamani lilisagwa likawa wanja wa macho. Ndani yake mna antimoni na salfa. Ukiliyeyusha pamoja na dhahabu chafu, salfa huzinyakua shaba na fedha zilizomo na kuelea nazo juu. Antimoni hushikana na dhahabu na kuzama chini. Kisha donge la chini likichomwa kwa muda mrefu huku likipulizwa hewa, antimoni hutoka kama moshi mweupe na dhahabu safi hubaki. Mfalme ameliwa, mlaji amechomwa, mfalme amerudi akiwa msafi kuliko alivyokuwa. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua.

Na yule mzee? Fedha haiwezi kusafishwa kwa njia hiyo, kwa sababu salfa ingeila. Fedha husafishwa kwa risasi: huyeyushwa pamoja kwenye kisahani kinachonyonya, na risasi huondoka ikiwa imebeba uchafu. Kila mmoja ana msafishaji wake, mfalme ana mbwamwitu na malkia ana mzee. Hakuna aliyechorwa hapo kwa ajili ya urembo.

Mtu aliyewahi kufika machimbo madogo ya dhahabu ya Geita au Migori ataielewa kazi hii haraka. Pale zebaki humwagwa kwenye mchanga uliosagwa, ikaimeza dhahabu na kuwa donge la rangi ya fedha. Donge huchomwa, zebaki ikaruka hewani, dhahabu ikabaki. Mantiki ni ileile ya mbwamwitu. Sumu nayo ipo kote kuwili: moshi wa zebaki huharibu mishipa ya fahamu, na antimoni si salama hata kidogo. Kwa hiyo soma picha na usijaribu mapishi yake jikoni. Nasema hivi kwa sababu vitabu vya siku hizi vya "alkemia ya roho" huyasifu madini haya kana kwamba ni asali.

Baada ya wahusika, tazama rangi na mpangilio wake. Kazi kuu ya mabingwa hao ilipita kwenye weusi wa kuoza, ikaja kwenye weupe wa kuoshwa, na kuishia kwenye wekundu. Wa kale waliweka pia manjano kati ya weupe na wekundu, lakini baadaye wengi waliiacha. Ukiona kunguru au fuvu, uko mwanzoni. Njiwa au malkia mweupe ni katikati. Tausi mwenye rangi zote mara nyingi hutangulia weupe. Mfalme mwenye joho jekundu ni mwisho. Msomaji anayeona fuvu akashtuka kwamba ni ishara ya kifo amekosea ukurasa, maana kwao kuoza ni dalili kwamba kazi imeanza vyema.

Sasa ndipo uvuke kwenye roho, na hapa usidhani unavumbua jambo jipya. Zosimos wa Panopolis, aliyeishi Misri mnamo mwaka 300, aliandika ndoto za makuhani wanaokatwakatwa na kuchemshwa mpaka wawe roho. Kwake kusafisha madini na kusafisha nafsi vilikwenda sambamba. Imam Ghazali, anayejulikana vizuri katika madrasa za pwani yetu, aliandika kwa Kiajemi mwanzoni mwa karne ya 12 kitabu alichokiita Kemia ya Furaha. Hakina tanuru wala chungu. Kinafundisha kwamba kemia ya kweli ni kuitoa nafsi kwenye tabia za mnyama na kuifikisha kwenye heshima yake, na misingi yake ni minne: mtu ajijue, amjue Mungu wake, aijue dunia ilivyo, na aijue akhera.

Kwa vitendo, rudi kwa mbwamwitu. Jiulize: ni kitu gani kinachong'aa ndani yangu lakini kimechanganyika na kingine? Huenda ni ukarimu uliochanganyika na kutaka kusifiwa. Kisha uliza: ni kipi kinachoweza kukimeza? Fedheha, ugonjwa, kufiwa, kukosa kazi. Picha haisemi kwamba mbwamwitu ni rafiki. Inasema kwamba anayeliwa asikimbilie kumtetea mlaji wala kumlaani, bali auache moto ufanye kazi yake, na ajue kwamba haitatosha mara moja. Andika majibu yako kwenye daftari, picha moja kwa juma, na usichanganye picha mbili. Naona hilo linazaa zaidi kuliko kusoma vitabu kumi vya tafsiri.

Carl Jung, daktari wa nafsi wa Uswisi, alitoa mwaka 1944 kitabu kikubwa kilichozisoma picha hizi kama ramani ya akili isiyojitambua. Kina mengi ya kujifunza. Ila kimewafanya wasomaji wengi waamini kwamba mabingwa wale walikuwa wakiota ndoto za mchana tu, na hilo si kweli. Isaac Newton alijaza karatasi kwa maneno karibu milioni moja juu ya alkemia, na sehemu kubwa yake ni kazi ya tanuru.

Kuna jambo la mwisho, na ni la mfukoni. Tangu zamani pametokea watu wenye picha hizi mkononi wakidai pesa. Papa Yohane wa 22 aliwalaani mwaka 1317, na Bunge la Uingereza lilipiga marufuku kuzidisha dhahabu mwaka 1404. Wajukuu wao bado wako mjini, wakiuza "zebaki nyekundu" na kuahidi kuzidisha noti. Anayekuambia kwamba alama fulani ina nguvu yenyewe, na kwamba lazima ulipe kwanza ndipo akufunulie siri yake, hajui alama hiyo ni nini. Risasi imewahi kugeuka dhahabu kweli, lakini si mikononi mwa watu hao: katika mtambo wa CERN karibu na Geneva, kati ya 2015 na 2018, viini vya atomi za risasi vilivyopishana kwa kasi kubwa vilizaa viini bilioni 86 vya dhahabu. Vyote kwa pamoja vilikuwa na uzito wa sehemu 29 za trilioni za gramu, yaani gramu moja ikigawanywa mara trilioni ukachukua vipande 29, na vilidumu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.