Jifunze Teknolojia: Ukibonyeza "Lipa", Simu Ikujibu Nini?

Ni saa moja asubuhi katika soko la Lubao. Mama anayeuza mboga anataka kumaliza ada ya siku kabla wateja hawajaanza kumiminika. Anafungua programu ya malipo kwenye simu, anaandika kiasi, anabonyeza "Lipa", kisha anaweka nambari yake ya siri ya M-PESA. Skrini inarudi vile ilivyokuwa. Hakuna kinachozunguka, hakuna neno hata moja, na kitufe cha "Lipa" bado kinang'aa. Mtandao uko chini asubuhi hiyo, ujumbe haujafika. Mama anadhani malipo yamekataa. Anabonyeza tena, anaweka nambari ya siri tena. Baadaye kidogo simu inalia mara mbili. Amelipa mara mbili.

Huo ni mfano tu, lakini wengi wetu tumepitia jambo kama hilo. Kosa si la mama. Ni la aliyeunda programu akasahau kumjibu. Somo la leo ni la vijana wetu wanaojifunza kuunda programu za simu, wawe katika vyuo vya ufundi, katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro au wanajifundisha wenyewe nyumbani. Kila mkaazi anayelipa kwa simu pia ana lake hapa, karibu na mwisho.

Majibu mawili, kazi mbili

Programu ina njia mbili za kawaida za kumjibu mtu aliyebonyeza kitufe.

Ya kwanza ni pazia la kusubiri. Hili ni tabaka linalofunika skrini kwa muda, mara nyingi likiwa na duara linalozunguka na maneno kama "Tafadhali subiri". Lina kazi mbili: kumwambia mtu kwamba kazi inaendelea, na kumzuia asibonyeze tena kabla haijakwisha.

Ya pili ni tosti. Huu ni ujumbe mfupi unaochomoza karibu na chini ya skrini, kama kipande cha mkate kinavyoruka kutoka kwenye mashine ya kuchomea, kisha unatoweka wenyewe. Katika simu za Android hukaa takriban sekunde 2 ukichagua muda mfupi, au sekunde 3 na nusu ukichagua muda mrefu. Mwanafunzi huuandaa kwa amri ya makeText na kuuonyesha kwa amri ya show. Wanaoanza wengi huandika ya kwanza wakasahau ya pili, halafu wanashangaa mbona hakuna kinachotokea.

Kumbuka basi: pazia husema "kazi inaendelea", tosti husema "jambo fulani limetokea". Ukivichanganya, unampoteza mtumiaji.

Tujifunze kutoka kwa M-PESA

Tangu M-PESA ilipoanzishwa na Safaricom mwezi Machi 2007, Wakenya wamezoea mpangilio mmoja. Ukishaweka nambari ya siri, simu inaonyesha kwamba inatuma. Kisha unaarifiwa kwamba ombi limekwenda, usubiri ujumbe. Mwisho unaingia ujumbe wenyewe, ukiwa na msimbo wa muamala, kiasi, jina la mpokeaji, tarehe, saa na salio.

Hizo ni hatua tatu: kungoja, kuarifiwa na kupata ushahidi. Muuza duka hakupi bidhaa kwa sababu umemwambia simu yako "inatuma". Anataka kuona ujumbe. Programu yako nayo ifuate busara hiyo: tosti ni taarifa, si risiti. Mtu akipepesa macho, au akigeuka kumhudumia mteja, tosti imeshapita. Kwa hiyo jambo la pesa lisiishie kwenye tosti peke yake. Weka risiti kwenye ukurasa ambao mtu anaweza kuurudia kesho.

Mtego wa "ombi limepokelewa"

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Programu nyingi za Kenya hupokea malipo kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-PESA. Programu ikituma ombi la malipo, Daraja hurudisha jibu la kwanza upesi sana. Jibu hilo halisemi kwamba pesa zimelipwa. Linasema tu kwamba ombi limekubaliwa ili lishughulikiwe. Wakati huo mteja hata hajaweka nambari ya siri.

Matokeo halisi huja baadaye, yakitumwa kwenye seva yako. Nambari 0 katika matokeo hayo ina maana kwamba malipo yamefaulu. Nambari 1032 ina maana kwamba mteja ameghairi. Ukionyesha tosti ya "Umelipa" kwa kutegemea lile jibu la kwanza, utakuwa umemdanganya mteja na mwenye biashara kwa pamoja.

Hatua za kufuata

1. Mtu akibonyeza "Lipa", zima kitufe hapo hapo na ushushe pazia. Usingoje jibu la mtandao kwanza.

2. Andika kwenye pazia kinachosubiriwa: "Weka nambari ya siri kwenye simu yako, kisha usubiri." Duara peke yake halitoshi. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka wa 1993 kwamba baada ya sekunde 10 hivi mtu hushindwa kuendelea kukazia macho jambo analolingoja. Akijua anangoja nini, anavumilia zaidi.

3. Lipe kila ombi nambari yake ya pekee. Seva ikiona ombi lile lile limerudi, isitoze tena. Pazia linazuia kidole, lakini kinga ya kweli iko kwenye seva.

4. Weka kikomo cha kungoja, kwa mfano sekunde 60. Pazia lisiloondoka ni kama mlango uliofungwa kwa nje.

5. Kikomo kikifika bila matokeo, usiandike "Malipo yamekataa", kwa maana hujui. Andika: "Bado hatujapata jibu. Usilipe tena. Angalia ujumbe wa M-PESA." Kisha seva iulize Daraja hali ya ombi hilo.

6. Matokeo yakifika, ondoa pazia, onyesha tosti fupi na ufungue risiti. Hakikisha pazia linaondoka hata kosa likitokea.

Usifunike skrini nzima kwa kila jambo dogo. Ikiwa ni orodha ya bei tu inayopakiwa, duara dogo kando ya orodha linatosha. Google yenyewe iliacha kupendekeza dirisha la zamani la kusubiri, ProgressDialog, tangu Android 8.0 ya mwaka wa 2017, kwa sababu lilimzuia mtumiaji asifanye lolote.

Lugha ya ujumbe

Andika kwa maneno ambayo mtu wa Khwisero au Likuyani ataelewa bila kuuliza. "Kosa 500" halimsaidii mtu. "Mtandao umekatika, ada yako haijatumwa" linamsaidia, mradi una hakika kweli haijatumwa. Ufupi pia ni muhimu: katika programu zilizoundwa kwa ajili ya Android 12 na matoleo yaliyofuata, tosti haizidi mistari miwili.

Kwa mkaazi anayelipa

Ukiona duara linazunguka kwa muda mrefu, usikimbilie kulipa tena. Angalia kwanza ujumbe wa M-PESA na salio lako. Tosti ikisema umelipa lakini hujapata ujumbe, usihesabu kwamba umelipa. Weka msimbo wa muamala, kwa kuwa huo ndio ushahidi wako ukienda kulalamika.

Zoezi

Unda ukurasa mmoja wenye kitufe cha "Lipa". Kisha ujaribu mambo matatu: bonyeza mara tano kwa haraka, zima data katikati ya malipo, na ughairi ombi la nambari ya siri. Mpe simu mtu ambaye hajawahi kuona programu yako, na kila mara umuulize swali moja: "Pesa zimeenda au hazijaenda?" Akisita kujibu, kazi yako haijakwisha.