SOMO: KUMWELEKEZA NJIA MGENI WA KIJAPANI



Jambiani si nchi ya mikarafuu, lakini vijana wetu huenda huko kufanya kazi na wageni. Aliye na kijana huko amsomee somo hili. Kijapani si kigumu kukitamka, kwani silabi zake nyingi huishia kwa vokali kama zetu.

1. Upande. Massugu ni moja kwa moja, migi, kulia, hidari, kushoto, umi, bahari. Atokaye Paje kwenda Makunduchi, bahari huwa mkono wake wa kushoto. Basi mwambie: Umi wa hidari desu. Akitakiwa kupinda kulia: Migi ni magatte kudasai, yaani, tafadhali pinda kulia.

2. Mwendo. Sisi husema "hapo tu", kumbe ni nusu saa. Mjapani hutaka dakika. Kwao matangazo ya nyumba huhesabu meta 80 kwa dakika moja ya mwenda kwa miguu, na kipande kinachobaki huhesabiwa dakika nzima. Kwa hivyo meta 800 ni dakika 10, na meta 850 ni dakika 11. Sema: Aruite juppun gurai desu, yaani, kwa miguu ni kama dakika kumi. Dakika 5 ni gofun, 15, jūgofun, 20, nijuppun, 30, sanjuppun. Penye mchanga laini, ongeza.

3. Saa. Hapa yataka hadhari. Saa nne yetu ya asubuhi kwao ni gozen jūji, kwani wao huhesabu tangu usiku wa manane. Ukimwambia yoji, yaani "saa nne", huenda akafahamu saa kumi yetu ya alasiri. Kosa ni la saa sita, na tangu maji kupwa hata kujaa ni saa sita na dakika chache. Mgeni aliyekwenda mbali wakati wa maji kupwa, akaambiwa arudi saa nne, atakuja kustuka maji yamekwisha kumzunguka. Tena maji hukawia kiasi cha dakika 50 kila siku. Saa ya jana isitumike leo.

Zoezi. Msikiti uko mbele moja kwa moja, meta 1,200. Mwelekeze mgeni.

Jawabu: Massugu itte kudasai. Aruite jūgofun gurai desu.

Tuwafundishe vijana wetu, wageni warudi salama.