Mtoto wa gredi ya kwanza anajifunza nini wiki nzima?

Swali: Nauza nyanya soko la Muthurwa. Binti yangu yuko gredi ya kwanza. Kila jioni namuuliza walichosoma, ananijibu, “Tumecheza.” Juzi aliitishwa vifuniko vya soda. Kweli wanasoma?

Jibu: Wanasoma, mama. Vile vifuniko ni hesabu. Tangu 2019, gredi ya kwanza kote Kenya inafuata mtaala wa umilisi, na mtoto hushika vitu kwanza kabla ya kuandika tarakimu. Anapanga vifuniko 4, anaongeza 3, anahesabu vyote. Kwa jicho la mpitanjia, huo ni mchezo.

Kila somo ni dakika 30. Kwa wiki kuna Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, lugha ya mama, mazingira, dini na sanaa. Kwenye Kiswahili, sauti hutangulia: /m/, kisha ma, me, mi, mo, mu, hadi asome “mama” bila kubahatisha.

Lile swali la “mmesoma nini” liache. Hata mtu mzima hulikwepa. Sema, “Nionyeshe daftari,” kisha umwombe akusomee mstari mmoja.

Tena una darasa hapo mezani pako. Wanafunzi wa gredi hii hujifunza pia sarafu na noti. Mpe kazi: fungu moja ni shilingi 20, mteja ametoa 50, chenji ngapi? Mwache ahesabu kwa vidole, hata mteja akianza kununa. Akikwama wiki kadhaa mfululizo, mwone mwalimu wake bila kungoja muhula uishe.