Kununua Hisa za Kampuni za Programu za Biashara: Mwongozo kwa Mfanyakazi

Mwongozo huu ni wa mfanyakazi anayeweka akiba kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara, na sasa anafikiria kununua hisa za kampuni zinazotengeneza programu za kuendeshea biashara: za uhasibu, mishahara, bohari na kumbukumbu za wateja. Kampuni hizo ni kama SAP ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1972, na Oracle na Salesforce za Marekani. Kabla ya kuuliza bei ya hisa, uliza kwanza kama mteja wa kampuni hiyo atalipa tena mwaka ujao.

1. Elewa fedha zinatoka wapi

Zamani programu iliuzwa kama kabati: mnunuzi alilipa mara moja akaondoka nayo. Salesforce, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1999, ni miongoni mwa kampuni zilizoeneza utaratibu mwingine. Programu hubaki kwenye seva za kampuni, na mteja huitumia kupitia intaneti akilipia ada kwa kila mtumiaji. Utaratibu huu unafanana na kodi ya nyumba. Mwenye nyumba mwenye wapangaji wa kudumu anaijua kesho yake. Ambaye wapangaji wake wanahamahama hutumia kodi anayoipata kutafuta wengine.

2. Hesabu wateja wanaobaki

Chukua kampuni mbili, kila moja ina wateja 1,000. Ya kwanza hupoteza wateja 5 katika kila 100 kwa mwaka, ya pili hupoteza 20. Baada ya miaka 5, bila kuhesabu wateja wapya, ya kwanza itakuwa na wateja wapatao 774 na ya pili 328.

Kampuni nyingi hutangaza asilimia ya mapato yanayobaki kutoka kwa wateja wa zamani. Ikizidi 100, maana yake wateja hao kwa jumla wanalipa zaidi ya mwaka uliopita, hata baada ya kuwatoa walioondoka.

Hapa uzoefu wako wa kazi una thamani. Muulize mhasibu wa ofisini kwenu: mara ya mwisho mlibadilisha programu lini, na ilichukua muda gani? Kuhamisha kumbukumbu za miaka mingi na kuwafundisha watu upya ni kazi nzito. Uzito huo ndio unaomfanya mteja abaki, na ndio unaoipa kampuni nguvu.

3. Tofautisha faida na fedha taslimu

Mwezi Mei 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake za usanifu yatapatikana kwa ada ya usajili tu. Mapato yake yalishuka kutoka takriban dola bilioni 4.4 mwaka 2012 hadi bilioni 4.1 mwaka 2013, na faida ikaanguka kutoka dola milioni 833 hadi milioni 290. Wateja hawakuwa wameikimbia. Walikuwa wameacha kulipa kwa mkupuo na kuanza kulipa kidogo kidogo. Mwaka 2016 mapato yalikaribia dola bilioni 5.9, na faida ikapita bilioni 1.

Kwa hiyo angalia pia mapato yaliyoahirishwa kwenye mizania, yaani fedha ambazo mteja ameshalipa kwa huduma ambayo bado hajapewa. Yakiongezeka mwaka hadi mwaka, ni dalili njema.

Jihadhari na jambo moja. Kampuni nyingi za aina hii huwalipa wafanyakazi sehemu ya ujira kwa hisa. Katika mwaka wa fedha ulioishia Januari 2023, shughuli za Salesforce ziliingiza fedha taslimu takriban dola bilioni 7.1, ilhali faida halisi ilikuwa milioni 208. Sehemu ya tofauti hiyo ni hisa za wafanyakazi zenye thamani ya zaidi ya bilioni 3. Kila hisa mpya inayotolewa hupunguza fungu lako.

4. Kampuni nzuri kwa bei mbaya

Oktoba 2020 hisa moja ya Zoom, kampuni ya programu ya mikutano kwa video, ilipita dola 550. Mwisho wa 2022 ilikuwa chini ya dola 70. Hata hivyo, mapato ya kampuni yalikuwa yamepanda, kutoka dola bilioni 2.65 katika mwaka ulioishia Januari 2021 hadi bilioni 4.39 katika mwaka ulioishia Januari 2023. Kampuni ilikua, aliyenunua kileleni akaumia. Gawanya thamani ya kampuni nzima sokoni kwa mapato yake ya mwaka, kisha linganisha na kampuni zinazofanana nayo.

5. Kabla ya kununua

a) Lipa kwanza madeni yenye riba kubwa, na uwe na akiba ya dharura ya angalau miezi mitatu. Ada ya shule na fedha za matibabu zisiguswe.

b) Hakikisha dalali ana leseni: Kenya, uliza Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, Tanzania, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

c) Kwa kampuni ya Marekani, soma taarifa ya mwaka iitwayo 10-K, inayopatikana bure kwenye tovuti ya SEC, msimamizi wa masoko ya hisa Marekani. Anza na sehemu ya hatari.

d) Piga hesabu ya gharama za kubadilisha fedha na kodi. Marekani hukata asilimia 30 ya gawio la mgeni ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi nayo.

e) Kama huna muda wa kusoma taarifa, nunua mfuko wa uwekezaji wenye hisa za kampuni nyingi.

6. Baada ya kununua

Andika kwenye daftari sababu iliyokufanya ununue. Kila baada ya miezi mitatu taarifa mpya ikitoka, isome ukiwa na daftari hilo mkononi. Bei ikiyumba na wateja bado wanabaki, tulia. Wateja wakianza kuondoka, taarifa hadi taarifa, sababu yako imekwisha. Uza, hata kama bei inapanda.