VITOFALI VYA WATOTO NA HAKI YA MWENYE KAZI

Mzazi aingiaye leo katika duka la vitu vya kuchezea watoto aweza kukuta masanduku mawili yamewekwa sambamba. Yote mawili yana vitofali vidogo vya plastiki, vyenye vinundu juu, ambavyo mtoto huvishikamanisha akajenga nyumba, gari au meli. Sanduku la kwanza lina jina la LEGO, kampuni ya Denmark, na bei yake ni kubwa. La pili lina jina jingine, na bei yake yaweza kuwa nusu, au hata chini ya nusu. Hapo mzazi mwenye dhamiri hujiuliza: Je, nikichukua hili la bei nafuu, namwibia mtu?

Majibu yanayosikika ni mawili. Wengine husema kwamba kila kitofali kisicho cha LEGO ni cha wizi, na kwamba mwenye kukinunua anashiriki wizi. Wengine hucheka na kusema kuwa plastiki ni plastiki, na mtoto hajui tofauti. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimekosea. Katika sanduku moja mna vitu viwili ambavyo yatupasa kuvipambanua: namna ya kitofali chenyewe, na kazi iliyofanywa kwa vitofali hivyo. Cha kwanza kimekwisha kuwa mali ya watu wote. Cha pili kina mwenyewe.

ASILI YA VITOFALI

Wahenga walisema: Usione vyaelea, vimeundwa. Ole Kirk Kristiansen alikuwa seremala katika kijiji cha Billund, Denmark. Mwaka 1932, kazi ya ujenzi ilipopungua, alianza kuchonga vitu vya kuchezea vya mti. Baada ya vita kuu ya pili alinunua mashine ya kusukumia plastiki iliyoyeyushwa ndani ya kalibu, na mwaka 1949 kampuni yake ikatoa vitofali vyake vya kwanza vya plastiki.

Lakini wazo lile halikuzaliwa Billund. Mwingereza mmoja, Hilary Fisher Page, alikuwa amekwisha kutengeneza vitofali vya plastiki vyenye vinundu, akaviuza kwa jina la Kiddicraft. Vile vya Billund vilifuata mfano wake. Page alifariki mwaka 1957. Mwaka 1981 kampuni ya LEGO ilinunua haki za vitofali vyake.

Hatusemi haya ili kumwaibisha seremala yule. Vitofali vya kwanza vilikuwa vitupu ndani na havikushikana vema. Jengo la mtoto lilianguka upesi. Godtfred, mwana wa seremala, pamoja na wenzake, walitafuta dawa ya kasoro hiyo, wakaweka mirija midogo ndani ya kitofali ili ibane vinundu vya kile kilicho chini. Tarehe 28 Januari 1958 waliomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwa peke yake katika kutumia uvumbuzi wake kwa muda uliowekwa na sheria. Ufundi huo ndio unaotumika hata leo, na kitofali cha mwaka 1958 chaweza kushikana na kilichotengenezwa mwaka huu.

Basi twajifunza jambo moja hapo mwanzo kabisa: kufuata mfano wa mwingine si wizi siku zote. Kila fundi huanza kwa kuangalia kazi ya fundi mwingine. Linalotakiwa kuulizwa ni hili: alichukua nini, kwa haki gani, na aliongeza nini cha kwake?

MUDA WA HATAZA UKIISHA

Hataza ni mapatano kati ya mvumbuzi na jamii nzima. Jamii humwambia: Tufunulie siri ya ufundi wako, nasi tutakulinda usishindaniwe kwa miaka kadhaa, upate ujira wa jasho lako; kisha ufundi huo utakuwa wa wote. Siku hizi muda huo kwa kawaida ni miaka 20. Mapatano haya ni ya haki kwa pande zote mbili. Mvumbuzi asipolindwa kamwe, atavunjika moyo. Naye akilindwa milele, maskini watalipa bei ya mtu mmoja hata kiama.

Mfano wake umo ndani ya nyumba zetu. Mtoto akishikwa na homa, mama hununua vidonge vya Panadol, au hununua vidonge vingine vya paracetamol kwa bei ndogo zaidi. Hakuna amwitaye mwizi kwa ajili hiyo, maana dawa hiyo haimilikiwi tena na mtu mmoja. Twampongeza kwa kuwa mtunzaji mwema wa fedha ya nyumba.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa vitofali. Hataza za LEGO zilipokwisha muda, kampuni ilijaribu kwa njia nyingine kuwazuia washindani, na mahakama kubwa zikakataa. Mwaka 1988 mahakama ya rufani ya London iliyokuwa ikisikiliza mashauri ya Hong Kong ilikataa hoja kwamba kuchora upya vitofali vilevile, kwa marekebisho madogo, kunazaa haki mpya. Mwaka 2005 Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada iliamua kwamba kampuni ya nchi hiyo iliyotengeneza vitofali vya Mega Bloks haikukosa, kwa sababu alama ya biashara haiwezi kutumiwa kurefusha hataza iliyokwisha. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema vivyo hivyo: umbo la kitofali laletwa na kazi yake ya kushikana, kwa hiyo haliwezi kuandikishwa kuwa alama ya mtu mmoja daima.

Kwa hiyo kampuni kama COBI ya Poland, itengenezayo vitofali vinavyoshikana na vya LEGO, lakini kwa jina lake yenyewe na kwa mifano iliyobuniwa na mafundi wake, haimwibii mtu. Mzazi anunuaye sanduku kama hilo hana haja ya kuungama. Hakuna sharti la maadili linalomlazimisha mtu kulipia jina.

MAHALI WIZI UNAPOANZA

Sasa tutazame upande wa pili. Huko China palitokea bidhaa zilizouzwa kwa jina la Lepin. Waliozitengeneza hawakuridhika kutumia kitofali ambacho ni cha wote. Walichukua masanduku ya LEGO moja baada ya jingine, wakanakili mfano, picha na vijisanamu vya watu, wakaviuza kwa nembo iliyofanana sana na ile ya wenyewe. Walinakili hata mifano iliyobuniwa na watu binafsi wapendao kujenga, ambao hawakuwa na kampuni ya kuwatetea.

Mwaka 2018 mahakama ya Guangzhou iliziamuru kampuni nne zilizohusika kulipa fidia ya Yuani milioni 4.5 hivi. Mwaka 2019 polisi wa Shanghai walivamia viwanda katika mji wa Shantou. Mwaka 2020 mahakama ya Shanghai iliwahukumu watu tisa kwenda gerezani. Kiongozi wao alipewa miaka sita na faini ya Yuani milioni 90.

Je, watu hawa waliiba nini? Si kitofali. Waliiba kazi. Sanduku moja kubwa lina vipande maelfu. Fundi hukaa nalo miezi mingi, akijenga na kubomoa, akipima kama ukuta utasimama, kama mtoto ataelewa hatua inayofuata. Mwingine huandaa kijitabu cha kuonyesha njia. Mwingine huchora uso wa kijisanamu. Na umbo la vijisanamu hivyo mahakama ya Ulaya ililithibitisha kuwa alama halali ya LEGO mwaka 2015. Tena, kampuni hiyo ina mpango wa kupokea mifano ya watu wa kawaida. Ambaye mfano wake umechaguliwa hulipwa asilimia 1 ya mauzo halisi. Yule anunuaye nakala ya wizi humnyima mtu huyo ujira wake. Amri ya Saba haihusu vitu vya kushikwa kwa mkono tu.

Hatusemi kwamba mpaka huu ni wazi mahali pote. Mwaka 2024 mahakama ya Ulaya iliulinda muundo wa kipande kimoja cha pekee cha LEGO, na wanasheria wataendelea kushindana. Lakini mzazi hatakiwi kuwa mwanasheria. Anatakiwa kutumia akili aliyo nayo na kutojifanya kipofu.

MASWALI YA WASOMAJI

Wengine wataleta hoja zao, nasi twapenda kuzijibu.

“Kampuni ile ni tajiri, haitaumia.” Haki haipimwi kwa uzito wa mfuko. Tukikubali kumpokonya tajiri kazi yake, tutamwambia nini mchonga vinyago, mshona nguo au mtunga nyimbo wa kwetu, ambaye kesho kazi yake itanakiliwa na mwenye mashine? Ukuta uliobomolewa kwa tajiri haubaki umesimama kwa maskini.

“Bei ile ni ya kunyonya watu.” Pengine ni kubwa mno. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba mtu aliye katika hatari ya kufa aweza kuchukua kinachomwokoa, maana katika dhiki kuu vitu huwa vya wote. Lakini aliyasema hayo juu ya mkate, wala si juu ya mchezo. Hapana mtoto aliyekufa kwa kukosa sanduku la vitofali. Bei ikituzidi, twaweza kuacha.

“Nalinunua bila kujua.” Basi huna hatia, wala hulazimiki kumnyang’anya mtoto mchezo wake. Dhambi yataka kujua na kukubali. Lakini sasa umejua, nawe wawajibika kwa manunuzi yajayo.

“Mwanangu atadharauliwa na wenzake.” Vitofali sita tu vya vinundu vinane, vya rangi moja, vyaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Wataalamu wa hesabu wamezihesabu. Mtoto mwenye mfuko mdogo wa vitofali halali hajapungukiwa na mchezo. Sanduku kubwa hujengwa mara moja likawekwa rafuni.

NAMNA YA KUNUNUA

Tukiyakusanya haya yote, twawapa wazazi mashauri haya.

Kwanza, tazama jina. Mtengenezaji mwaminifu huandika jina lake na anwani yake. Anayebadili herufi moja ya jina la mwingine, au kuiga nembo yake ili udanganyike, amekwisha kukuonyesha tabia yake.

Pili, tazama picha. Ikiwa ni mfano uleule wa sanduku lijulikanalo, pamoja na vijisanamu vilevile, na bei ni ndogo kupita kiasi, uliache.

Tatu, tazama usalama. Vipande vidogo vyaweza kumkaba mtoto aliye chini ya miaka mitatu, na sanduku halali hutoa onyo hilo waziwazi. Mtengenezaji aliyejificha huwezi kumwuliza plastiki yake ina nini, wala kumshtaki mtoto akidhurika.

Nne, usione haya kununua vitofali vilivyokwisha kutumika. Mwenye kazi alikwisha kulipwa siku ya kwanza, na plastiki hiyo hudumu. Vilivyochezewa na watoto wa jirani vitawafaa wa kwako.

Tano, usimtukane mchuuzi. Mara nyingi naye ameuziwa bila kujua. Mwambie kwa heshima kwa nini hununui. Nchini Tanzania iko Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye kazi ya kupambana na bidhaa bandia. Wenye kuziingiza kwa makontena ndio wanaostahili kufikishwa huko kwanza.

Limebaki jambo moja. Mzazi akinunua vitofali halali vya jina jingine, asimwambie mtoto kwamba ni vya LEGO. Vitofali hivyo ni vya haki. Uongo ndio utakaovitia doa, na mtoto ataugundua siku atakapojua kusoma. Amwambie tu: “Hivi vimetengenezwa na watu wengine, navyo vinashikana vizuri, bei yake iliweza kulipwa na baba yako.” Mtoto aliyeambiwa hivyo amepata zawadi mbili kwa siku moja. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na dukani nako ni mahali pa malezi.